Mwalimu Aliyetokea Dirishani

Mwanaume anayeweza kulia kwa jicho moja, utamwamini vipi?

Nilimwona kwa macho yangu, katika ukumbi wa parokia, mbele ya wanafunzi wake wote wa tamthilia. Mwalimu wetu, Maître Tshilombo, alisema, "Muniangalie," akanyamaza kidogo, chozi likatoka jicho la kushoto likashuka taratibu mpaka kidevuni. Halafu akapiga makofi, akacheka, akasema tuendelee. Wenzangu walishangilia. Mimi nilikunja mikono, nikajiambia: Mignonne, huyu siku akikuambia anakupenda, muulize kwanza ni jicho gani linalosema.

Akaniambia. Ilikuwa Desemba, tumejibanza chini ya paa la kanisa tukingoja mvua ipungue. Na mimi, pamoja na ujanja wangu wote, sikuuliza kitu. Niliyeyuka palepale.

Lakini mtu hawezi kuacha tabia kama anavyovua viatu. Kushuku nimezaliwa nako. Akichelewa, nilitaka kujua alikuwa wapi. Akiwahi, nilitaka kujua kwa nini ana haraka. Tena kazi yake yenyewe ilikuwa ikinitia wasiwasi. Asubuhi alifundisha Kifaransa shuleni, hiyo sawa. Mchana alitufundisha kuigiza papo hapo, bila maandishi, bila kukariri. Unaingia mikono mitupu, unaanza kusema, na watu wanakuamini. Nyumbani kwetu jambo hilo lina jina lingine, linaitwa uongo.

Na wakati wenyewe haukuwa wakati wa kuamini. Kolwezi yote, mji wetu wa migodi huku Katanga, ilikuwa imeharibika. Mshahara ulikuwa hauji, madirisha ya maduka yalikuwa yamepigwa mbao, na watu wa asili ya Kasai, ambao babu zao waliletwa hapa kuchimba shaba, walikuwa wakiambiwa warudi kwao. Kwao ni wapi, kwa mtu aliyezaliwa hospitali ileile niliyozaliwa mimi, hakuna aliyeeleza. Gare, stesheni ya treni, ilikuwa imejaa familia zinazolala chini zikingoja treni. Tshilombo Badibanga alikuwa mtu wa Kasai. Sisi, familia ya marehemu Kalumba, ni watu wa kaskazini ya Katanga, na hakuna aliyetugusa.

Asubuhi ya siku ninayoisimulia, kaka yangu Stany alikuwa akila bukari ya jana, ugali wetu, kwa sombe, mboga ya majani ya mihogo. Usiku alikuwa kwenye kizuizi cha barabarani na vijana wenzake wakiwasaka watu wa Kasai, macho yake yalikuwa mekundu. Tangu baba afe, yeye ndiye aliyejiona kichwa cha nyumba.

"Mignonne," akaniita. "Ule maître yako anakupenda tangu lini?"

"Tangu Desemba."

"Na Bakasai ba muji ya Likasi balifukuzwa lini?"

Nikairudisha sufuria ya sombe motoni.

"Kabla ya Desemba," akajijibu mwenyewe. "Basi, utumie akili. Mwaka muzima alikuwa anakuona, hakukuona. Batu banaanza kufukuzwa, anakuona. Yee hatafuti bibi wa kuoa, ndugu yangu. Anatafuta ukuta wa kujifichia. Mutu akioa mwana wa hapa, hatumugusi. Bote banajua ile dawa."

"Unasema bongo, uongo mutupu."

"Mi? Basi umupime. Umuambie abaki kwetu, akamate jina ya tata yetu marehemu, aseme yee ni Kalumba wa kaskazini. Utaona namna atarukia. Atarukia kama kuku kwenye mahindi."

Aliondoka kwenda kulala, akaniachia sahani na ule mwiba. Nilizungusha maneno yake mpaka sombe ikashika chini ya sufuria. Likasi, halafu Desemba. Hesabu ilikaa vizuri mno. Nilimchukia Stany, na nilimchukia Tshilombo, na zaidi nilijichukia mwenyewe kwa sababu nilikuwa bado nachagua kitenge gani nivae kwenda kwenye mazoezi.

Ukumbini tulikuwa wachache. Kila wiki nafasi nyingine ilikuwa tupu, na hatukuulizana. Vioo vya madirisha vilikuwa vimeshaibwa, hata fremu, yamebaki matundu makubwa ukutani ambayo mvua iliingilia ikipenda. Tshilombo alikuwa amevaa koti lake la kijivu, lile la Jumapili. Nikalitia maanani. Koti la Jumapili, siku ya Alhamisi, kwa nini?

Aliponiona macho yake yalitua kwangu na kubaki pale zaidi ya inavyostahili mwalimu. Moyo wangu ukaruka. Nikaukemea.

"Tunaanza na bitu bya mikono mitupu," akasema. "Mbuyu, ingia."

Mbuyu ndiye mchekeshaji wetu. Aliingia amebeba kitu kisichokuwepo, amekikumbatia kifuani, anakibembeleza. Kila mtu aliona ni mtoto mchanga. Lakini msichana aliyekwenda kumpokea akasema, "Aksanti, baba, ndiyo ile kuku ya Pasaka?"

Tukacheka. Mbuyu akageuka kwa mwalimu. "Maître, ilikuwa mutoto!"

"Ilikuwa," Tshilombo akasema. "Sasa ni kuku. Mwenzako amekupa kuku, pokea kuku. Nimebaambia mara ngapi? Hapa ndani neno moja tu ni zambi: hapana. Ukisema hapana, umeua muchezo, na mwenzako umemuacha peke yake mbele ya batu. Chochote anakupa, pokea, halafu ongeza yako."

Mbuyu akapumua, akamshika mtoto wake miguu, kichwa chini, akaanza kumnyonyoa manyoya. Tukacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nimeshika jambo. Huyu mwanaume hawezi kusema hapana humu ndani, amejifunga kwa kamba yake mwenyewe.

Nikasimama. "Maître, mi ninataka kucheza. Na weye."

Ukumbi ukapiga mluzi. Alinitazama, akavuta mabega ya koti lake, akaingia katikati. "Sawa. Tuko wapi?"

"Kwetu," nikasema. "Weye ni bwana yangu."

Wakapiga mluzi tena. Yeye hakutabasamu. "Sawa. Niko bwana yako. Nimetoka kazini, nimechoka."

"Kaa. Niko na habari muzuri." Nilimkalisha kwenye kiti cha parokia, nikasimama nyuma yake ili asinione uso. "Ndugu yangu ametutengenezea mambo. Hautaenda gare. Utabaki hapa kwetu. Utakamata jina ya tata. Batu bakiuliza, utasema weye ni Kalumba, ulizaliwa kaskazini, Kasai hauijui. Tutaishi muzuri, hakuna mutu atatugusa. Unasemaje, bwana yangu?"

Hakuna aliyepiga mluzi. Wengine pale walikuwa na mizigo imeshafungwa nyumbani kwao. Nilijua nimewaumiza, na bado sikurudi nyuma. Nilikuwa nataka kujua. Nilisimama pale nikimwangalia kisogo, nikimwomba Mungu mambo mawili yanayopingana, apokee na asipokee.

Alifunga kifungo kimoja cha koti lake. Halafu akasema polepole, "Hapana."

Mbuyu akaropoka, "Ah, maître! Umeua muchezo!"

"Nimeua," akasema. Akainuka, akanigeukia. "Hapana, Mignonne. Jina ya tata yako ni jina muzuri. Lakini mi niko Badibanga. Mama yangu Mushiya iko gare tangu juzi, analala chini ya turubai, na mbele ya batu bote anaitwa Mama Badibanga. Mi nitakaa kwenu nikisema simujui?"

Msichana mwingine angefurahi. Aliyetafuta ukuta alikuwa ameusukuma ukuta. Stany alikuwa amekosea, kuku hakurukia mahindi. Lakini nimeshasema mimi ni mtu wa namna gani. Furaha ilinijia kama nusu dakika, kisha shaka nyingine ikaingia kwa mlango uleule.

"Tangu juzi?" nikauliza. "Mama yako iko gare tangu juzi na haukuniambia?"

"Mignonne..."

"Na hii koti? Umevaa koti juu ya safari. Ulikuya kutufundisha, halafu ungeenda bila kuniaga. Sema kweli!"

"Nilikuya kukuaga. Sikujua nianzie wapi."

"Weye! Mwenye kufundisha batu kuanza bila kujua!" Sauti yangu ilipasuka. "Unanipenda ao ulikuwa unafanya mazoezi?"

Alifungua kinywa. Mtu huyu ambaye maneno hayajawahi kumpungukia alisimama mbele yangu kinywa wazi, hana hata moja. Na kabla hajalipata, mlango wa ukumbi ulisukumwa.

Alikuwa mama yangu. Alikuja kama alivyotoka sokoni, unga wa mahindi umemshika mpaka viwiko. Stany alikuwa ameamka na kumwambia kwamba natoroka na Mukasai. Alisimama katikati ya mlango, na ukumbi ule una mlango mmoja tu, akaanza:

"Iko wapi? Iko wapi ule mwalimu mwenye kufundisha batoto ba batu kudanganya? Nilisema! Nilisema mwanaume wa gare hataingia kwangu! Banataka bachome nyumba yangu juu ya..."

Nikamtazama Tshilombo, nikingoja nione atakavyojitetea. Alikuwa anamfahamu mama. Mwaka mzima walikuwa wakisalimiana baada ya misa, kwa mkono, uso kwa uso, jambo mama, jambo maître. Sasa nilitegemea hotuba. Nilitegemea hata lile chozi.

Aliinamisha kichwa, akageuza uso ukutani. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, bila kumtazama mama hata mara moja, mpaka akafika kwenye tundu la dirisha. Akaweka mguu juu, akainua koti lake la Jumapili lisichafuke, akatokea dirishani.

Tukasikia viatu vyake vikitua kwenye matope. Mbuyu akaangua kicheko, na wengine wakamfuata. Mimi masikio yaliwaka moto. Amekimbia! Mwanaume mzima, mbele ya mwanamke mwenye unga mikononi, amekimbia kama mwizi wa mihogo. Basi nimejibiwa, nikajiambia. Mapenzi yake yalikuwa mazoezi.

Nikamgeukia mama nimwambie twende nyumbani.

Mama alikuwa amenyamaza katikati ya neno. Alikuwa ameshajifunika uso kwa kitenge, upande wa dirisha, naye amegeukia ukuta wake. Mikono yake ilikuwa imefanya hivyo yenyewe, wala hakuwa ameiagiza.

Hapo ndipo niliposhika. Kwetu, na kwao Kasai vilevile, mwanaume hamtazami mama mkwe usoni. Hampi mkono, hali naye sahani moja, na akikutana naye njiani anaingia majanini ampishe. Si chuki wala woga, ni heshima kubwa kuliko zote. Na hakuna mwanaume anayempisha mama wa msichana anayemchezea tu. Tshilombo alikuwa amekosa neno, basi akasema kwa miguu, na kila mtu ukumbini aliyelelewa na bibi yake alikuwa amesikia. Kicheko kilikufa kimoja kimoja. Wa mwisho kunyamaza alikuwa Mbuyu.

Na mama, aliyekuja kumfukuza, alikuwa amemjibu. Mama mkwe ndiye anayejifunika.

"Mignonne," akasema ndani ya kitenge. Sauti yake ilikuwa nyingine. "Umuambie ule bwana. Nani alimupa ruhusa ya kunipisha?"

Nikaenda dirishani. Alikuwa amesimama nje, mgongo ukutani, asionwe. Niliona bega moja na suruali yenye matope. Alikuwa amesikia kila neno, lakini mkwe na mama mkwe hawasemeshani, lazima apatikane mtu wa kati. "Mama anauliza, nani alikupa ruhusa ya kumupisha?"

"Umuambie mama, hakuna. Nilijipa. Nilikuwa ninataka kukuya kwa mupango, na bakubwa, na mbuzi. Bakubwa bangu bote beko gare ao beko mu treni. Sina tena mutu wa kutuma."

Nikamrudishia mama. Alingoja nimalize, ingawa na yeye alikuwa amesikia.

"Umuambie, kama ni vile, abaki. Na jina yake abaki nayo. Stany nitamufunga kinywa mi mwenyewe, nilimuzaa."

Niligeukia dirisha upesi. Nikamwambia. Bega lile halikutikisika.

"Umuambie mama, aksanti, aksanti sana. Lakini mama yangu anakohoa, na hana mutoto mwingine. Nikibaki, nitakuwa ninakaa kwenu nikisikiliza tu treni."

"Basi twende bote," nikasema. Haikuwa tena ya mama, ilikuwa yangu. "Nitamubebea mizigo. Nitamupikia."

"Hapana." Ilikuwa hapana yake ya pili siku ile. "Batu banarundikwa mu mawagon kama mbao, Mignonne. Batoto banafia njiani, banazikwa kando ya reli. Nikipotea mi, nipotee. Weye sitakupeleka kule, hata unichukie." Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka, lakini ukumbi ulikuwa kimya na kila mtu alisikia. "Umuambie mama hivi. Asikufunge juu ya kuningoja. Mutu muzuri akikuya, akuozeshe. Mi sijui treni inanishusha wapi, sijui kama nitarudi. Mutu asimungoje mutu mwenye hajui."

Nilibaki nimeshika ukingo wa dirisha. Sikuwa na shaka zilizobaki. Nilizitafuta, nilizoea kuwa nazo, sikuona hata moja. Nilimpenda mwanaume huyu, naye alinipenda kiasi cha kunitoa kwa mwingine, na kwa kunitoa alikuwa ananiua.

"Anasema nini?" Mama akauliza kutoka kwenye ukuta wake. Alikuwa amesikia, kama sisi wote. Lakini mpaka niseme mimi, neno lilikuwa bado halijafika.

Nikageuka, nikasimama wima.

"Anasema atarudi," nikasema. Sauti ilitetemeka kwanza, kisha ikakaa. "Anasema anapeleka mama yake, amukalishe muzuri, halafu anarudi. Mwanaume mwingine akileta kitu, usipokee. Anasema atakuya na bakubwa bake na mbuzi, na atakulipa heshima yako yote."

Mbuyu alikuwa ametazama chini. Mama hakufunua uso. Niliona mabega yake yakipanda na kushuka chini ya kitenge, na unga ukimdondoka mikononi.

"Umuambie nimesikia," akasema mwishowe. "Mbuzi ikuwe dume. Na umuulize mara moja tena, mi niko muzee, masikio si kama zamani. Ni vile amesema?"

Nikaegemea dirisha. Sikurudia swali, halikuwa na haja ya kurudiwa. Nilitazama bega lile la kijivu na matope yale, na mvua ilikuwa imeanza kudondoka. Kutoka upande wa gare ilisikika honi ya treni, ndefu, na bega likashtuka. Akajifuta uso kwa kiganja, akajifuta tena.

"Umuambie mama," akasema, "ni vile nimesema."

Nikamwambia. Mama akaniuliza mara ya pili, nikamwambia tena.